Atomi na jedwali la elementi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wa sekondari wanaokutana na somo hili kwa Kiingereza, wazazi wanaosaidia kazi za nyumbani, na watu waliosikia habari za heliamu ya Rukwa au za zebaki nyekundu wakataka kujua ukweli uko wapi. Yana namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine. Mwenye haraka aanze na la 5 na la 11, kwa sababu mengi ya haya mengine yanatoka humo.

## Mambo ya mwanzo

1. Atomi ni nini?

Ni chembe ndogo kabisa ya elementi inayoweza kuwepo huku elementi ikibaki ileile. Ukate waya wa shaba nusu, kisha nusu ya nusu, uendelee hivyo hivyo, mwisho utabaki na atomi moja ya shaba. Ukiivunja hiyo utapata vipande, lakini hakuna kipande kitakachokuwa shaba.

Tahadhari moja ambayo vitabu vingi huiruka: atomi moja ya shaba haina rangi nyekundu-nyekundu, haing'ai, wala haipitishi umeme kama waya. Hizo ni tabia za atomi nyingi zilizokaa pamoja. Atomi ikiwa peke yake inabaki na kitu kimoja muhimu: namna yake ya kuungana na atomi nyingine.

2. Mbona maji, chuma cha pua na tanzanaiti havimo kwenye jedwali?

Kwa sababu si elementi. Jedwali linaorodhesha vitu vyenye aina moja tu ya atomi. Maji ni kampaundi, yaani elementi zaidi ya moja zilizoungana: kila molekuli yake, yaani kila kikundi cha atomi zilizoshikana, ina atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni. Chuma cha pua ni mchanganyiko wa chuma na kaboni kidogo. Tanzanaiti, inayochimbwa Mererani na kwingine popote duniani haijapatikana, imeundwa na kalsiamu, alumini, silikoni, oksijeni na hidrojeni. Ule ubuluu unaoipa bei unatokana na vanadiamu kidogo sana iliyojipenyeza humo. Elementi zote sita zimo kwenye jedwali, kila moja mahali pake. Jiwe lenyewe halimo.

3. Atomi ina ukubwa gani, na kuna aliyewahi kuiona?

Kipenyo cha atomi ni kama sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Kwenye upana wa unywele mmoja zingepangika atomi za kaboni laki kadhaa, ubavu kwa ubavu.

Kwa macho haiwezekani kuiona, hata kwa hadubini ya kawaida ya maabara, kwa kuwa mawimbi ya mwanga ni marefu kuliko atomi mara maelfu. Mwaka 1981, huko Zürich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walitengeneza hadubini ya aina nyingine: sindano kali mno inayopita juu ya uso wa metali na kupima umeme mdogo unaoruka kati yao. Kompyuta hugeuza vipimo hivyo kuwa picha, na atomi huonekana moja moja. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1989 wanasayansi wa kampuni ya IBM walisogeza atomi 35 za zenoni kwa sindano kama hiyo na kuandika herufi tatu za jina la kampuni yao. Kwa hiyo mtu akikuambia atomi ni dhana tu ya vitabuni, amechelewa.

4. Ndani ya atomi kuna nini?

Kuna chembe za aina tatu. Protoni zina chaji chanya, neutroni hazina chaji, na zote hizi mbili hukaa kwenye kiini, katikati. Elektroni zina chaji hasi na ziko nje ya kiini. Protoni na neutroni zinakaribiana sana kwa masi, lakini elektroni ni nyepesi mno: zinahitajika takriban 1,836 kufikia masi ya protoni moja. Ndiyo maana karibu masi yote ya atomi iko kwenye kiini.

Na kiini ni kidogo kupita mtu anavyodhani. Kingekuwa na ukubwa wa gololi ya sentimita moja, nawe ukaiweka chini ya Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, basi ukingo wa atomi ungekuwa kiasi cha nusu kilomita kila upande. Michoro ya vitabuni huonyesha kiini kikubwa kwa sababu ukurasa hautoshi kuchora ukweli.

Hili liligunduliwa kwa hatua. J. J. Thomson aliipata elektroni mwaka 1897. Ernest Rutherford, akiwa Manchester, aliwaagiza Hans Geiger na Ernest Marsden warushe chembe zenye chaji chanya kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, lakini chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alieleza sababu: chaji chanya yote imebanwa mahali padogo sana katikati. Neutroni ilikuwa ya mwisho kujulikana, na aliyeithibitisha ni James Chadwick, mwaka 1932.

5. Ni nini kinachoifanya dhahabu iwe dhahabu?

Protoni 79. Hakuna sababu nyingine. Atomi yoyote yenye protoni 79, itoke Geita au itoke kwenye nyota, ni dhahabu. Yenye 80 ni zebaki, yenye 82 ni risasi, yenye 6 ni kaboni. Idadi hiyo ya protoni ndiyo namba atomia, nayo ndiyo inayopanga jedwali zima kuanzia 1 hadi 118.

Ukiongeza au kupunguza neutroni, elementi haibadiliki (swali la 9). Ukiongeza au kupunguza elektroni, haibadiliki pia (swali la 12). Ukigusa protoni, elementi imekuwa nyingine.

6. Je, elektroni huzunguka kiini kama sayari zinavyolizunguka jua?

Hapana, ingawa mchoro wa Niels Bohr wa mwaka 1913 unatufanya tufikiri hivyo. Elektroni haina njia inayoweza kuchorwa kwa kalamu. Tunachoweza kujua ni eneo ambalo ina uwezekano mkubwa wa kuwepo, na kiasi cha nishati iliyo nacho. Nishati hiyo haiwi ya kiwango chochote tu. Iko kwa ngazi, na elektroni huruka kutoka ngazi hadi ngazi bila kupita katikati.

Hata hivyo mchoro wa Bohr usiutupe. Kwa elementi 20 za kwanza unatoa majibu sahihi kuhusu nani ataungana na nani, na kwa mwanafunzi wa sekondari hilo ndilo linalotakiwa.

7. Chaji zinazofanana husukumana. Mbona protoni hazisambaratiki?

Zinasukumana kweli, na kwa nguvu kubwa kwa kuwa zimebanana. Lakini ipo nguvu nyingine, ya nyuklia, inayozivuta protoni na neutroni pamoja, nayo huishinda ile ya umeme zikiwa zimekaribiana sana. Haifiki mbali. Kwa hiyo kiini kikiwa kikubwa, protoni za upande mmoja bado zinasukumwa na za upande wa pili, ilhali mvuto unatoka kwa majirani tu. Neutroni husaidia kwa kuongeza mvuto bila kuongeza msukumo, ndiyo maana elementi nzito zina neutroni nyingi kuliko protoni. Baada ya risasi, namba 82, hata neutroni hazitoshi: hakuna elementi yenye kiini cha kudumu milele.

## Namba na hesabu zake

8. Namba atomia na namba ya masi zinatofautianaje?

Namba atomia ni protoni peke yake. Namba ya masi ni protoni na neutroni kwa pamoja. Sodiamu ina namba atomia 11 na namba ya masi 23, kwa hiyo neutroni zake ni 23 kutoa 11, yaani 12. Kwenye alama ya elementi, namba ya masi huandikwa juu kushoto na namba atomia chini kushoto. Wanaozichanganya wakumbuke kwamba ndogo daima ni ya protoni. Hidrojeni ya kawaida pekee ndiyo yenye namba zote mbili sawa, kwani haina neutroni hata moja.

9. Isotopi ni nini? Zote zina mionzi?

Isotopi ni atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya neutroni. Kaboni-12 ina neutroni 6 na kaboni-14 ina 8, lakini zote zina protoni 6, kwa hiyo zote ni kaboni na zote huungua kuwa kaboni dioksidi.

Si zote zenye mionzi. Kobalti inayochimbwa Kolwezi, Kongo, kwa ajili ya betri za simu ni kobalti-59, nayo imetulia tuli. Ikiingizwa kwenye tanuri la nyuklia ikapokea neutroni moja inakuwa kobalti-60, ambayo hutoa mionzi mikali na hutumika kutibu saratani. Nusu ya atomi za kobalti-60 huoza, yaani viini vyake hutoa mionzi na kugeuka kuwa vya elementi nyingine, kwa muda wa miaka mitano na kidogo, ndiyo maana chanzo cha mashine kama hiyo lazima kibadilishwe.

10. Kwa nini klorini imeandikiwa 35.5? Kuna nusu ya neutroni?

Hakuna. Hiyo si namba ya masi ya atomi yoyote, ni wastani. Katika klorini ya asili, takriban asilimia 75 ya atomi ni klorini-35 na asilimia 25 ni klorini-37. Zidisha 75 kwa 35 upate 2,625. Zidisha 25 kwa 37 upate 925. Jumlisha, gawanya kwa 100, jibu ni 35.5. Wastani huu huitwa uzani atomia, nao ndio unaotumika kwenye hesabu za kupima kemikali. Ukihesabu neutroni, usiutumie. Rudi swali la 8.

11. Ile 2, 8, 8 inatoka wapi, na inasaidia nini?

Elektroni hujipanga kwa mizingo kuanzia karibu na kiini. Mzingo wa kwanza hubeba 2 tu, wa pili 8. Wa tatu hujaza 8 kwanza kabla ya elektroni zinazofuata kuanza wa nne (kwa nini hivyo, swali la 23). Basi oksijeni yenye elektroni 8 ni 2, 6. Sodiamu yenye 11 ni 2, 8, 1. Klorini yenye 17 ni 2, 8, 7. Kalsiamu yenye 20 ni 2, 8, 8, 2.

Namba ya mwisho ndiyo ya kuitazama. Elektroni za mzingo wa nje ndizo zinazokutana na atomi nyingine, kwa hiyo ndizo zinazoamua tabia ya kikemia. Lithiamu ni 2, 1. Sodiamu 2, 8, 1. Potasiamu 2, 8, 8, 1. Zote zinaishia na 1, na zote ni metali laini zinazokatika kwa kisu, zinazochemka zikiguswa na maji, na zinazohifadhiwa ndani ya mafuta maabarani ili zisikutane na unyevu wa hewa. Tofauti yao ni ukali. Elektroni ya nje ya potasiamu iko mbali zaidi na kiini, inashikiliwa kwa ulegevu, hivyo potasiamu hushika moto juu ya maji upesi kuliko sodiamu.

Upande wa pili zipo neoni (2, 8) na arigoni (2, 8, 8). Mizingo yao ya nje imetosheka, kwa hiyo hazina shida na mtu; karibu haziungani na chochote.

Ukilielewa hili, huhitaji kukariri kwamba sodiamu na klorini huungana moja kwa moja, au kwamba kalsiamu moja inahitaji klorini mbili. Utaviona mwenyewe.

12. Ioni ni nini?

Ni atomi, au kundi la atomi, iliyopoteza au kupokea elektroni. Sodiamu ikiachia ile 1 ya nje inabaki na protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo ina chaji chanya moja. Klorini ikiipokea inakuwa na protoni 17 na elektroni 18, chaji hasi moja. Ioni hizi mbili zikishikana ndiyo chumvi ya mezani. Metali inayolipuka majini na gesi ya sumu zimetoa kitu tunachokula kila siku, na hakuna protoni hata moja iliyoguswa. Tofauti kati ya elementi na ioni yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfano wa kwetu uko swali la 19.

## Jedwali lenyewe

13. Nani alilipanga?

Wapo waliojaribu kabla, lakini anayekumbukwa ni Dmitri Mendeleev wa St. Petersburg, Urusi, aliyechapisha jedwali lake mwaka 1869. Wakati huo elementi zilizojulikana zilikuwa 63, na hakuna aliyejua kuhusu protoni wala elektroni. Alizipanga kwa uzani, akaona tabia zinajirudia kwa zamu, akaweka zinazofanana pamoja.

Ujasiri wake ulikuwa kwenye mapengo. Pale ambapo hakukuwa na elementi ya kufaa, hakulazimisha. Aliacha nafasi na kutabiri kitakachopatikana. Kuhusu nafasi iliyo chini ya alumini alisema itapatikana metali yenye uzani wa kama 68 na msongamano wa karibu 6. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliigundua galiamu, akapima msongamano akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuiona metali hiyo, alimwandikia kwamba amepima vibaya. Mfaransa akaisafisha sampuli yake vizuri, akapima tena: 5.9. Skandiamu ikafuata mwaka 1879 na germaniamu mwaka 1886, zote kwenye mapengo yale yale. Kwa maoni yangu hakuna hadithi katika kemia inayoonyesha vizuri zaidi kwamba jedwali si orodha ya majina tu.

Galiamu, kwa njia, huyeyuka kwa nyuzi 29.8 za Selsiasi. Mchana wa Februari mjini Dar es Salaam ingetiririka mezani.

14. Nalisomaje?

Mistari ya kulala huitwa vipindi, iko 7. Safu za kusimama huitwa makundi, ziko 18. Namba ya kipindi inakuambia atomi ina mizingo mingapi yenye elektroni. Kwa makundi ya 1 na 2, namba ya kundi ni idadi ya elektroni za nje. Kwa makundi ya 13 hadi 18, toa 10. Klorini iko kundi la 17: elektroni za nje 7. Heliamu pekee inaivunja kanuni hii (swali la 22). Vitabu vya zamani huhesabu makundi manane kwa namba za Kirumi, kwa hiyo klorini utaikuta kundi la VII. Ni jedwali lile lile.

15. Metali, simetali na nusumetali zimegawanyikaje?

Metali ziko kushoto na katikati, nazo ndizo nyingi: zinapitisha umeme, zinapondeka kuwa bati jembamba bila kuvunjika, na huachia elektroni. Simetali ziko kulia juu, pamoja na hidrojeni. Salfa ni mfano unaojulikana na kila mkulima wa korosho wa Mtwara: unga wa njano, haupitishi umeme. Mpakani kuna nusumetali kama silikoni, inayopitisha umeme kiasi, na kwa sababu ya hicho "kiasi" ndiyo moyo wa kila simu.

16. Kwa nini sodiamu ni Na, potasiamu ni K na chuma ni Fe?

Alama hizo zimetoka kwenye majina ya Kilatini: natrium, kalium, ferrum. Kwa Na kuna kumbukumbu nzuri hapa hapa nyumbani. Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, limejaa magadi, na magadi ni chumvi za sodiamu; jina la ziwa na alama ya elementi vina asili moja. Ndiyo magadi yale yale yanayotiwa kwenye makande ili maharage yaive upesi.

17. Lazima nikariri elementi zote 118?

Hapana. Elementi 20 za kwanza kwa mpangilio wake, basi, pamoja na alama za zile zinazotajwa mara nyingi: chuma, shaba, zinki, fedha, dhahabu, zebaki, risasi, bromini, iodini. Kukariri uzani ni kupoteza muda. Huandikwa kwenye jedwali lenyewe, na mitihani mingi huwapa watahiniwa. Muda huo utumie kuandika mpangilio wa elektroni hadi mkono uuzoee.

## Elementi zilizo karibu nasi

18. Heliamu ya Rukwa ilifikaje chini ya ardhi?

Ilizaliwa humo humo. Urani na toriamu zilizomo kwenye miamba ya kale huoza polepole, na kila zikioza hurusha chembe yenye protoni mbili na neutroni mbili. Hesabu protoni: mbili. Chembe hiyo ikinasa elektroni mbili njiani, tayari ni atomi ya heliamu. Miamba huishikilia kwa mamilioni ya miaka. Joto la Bonde la Ufa huifungulia, ikapanda na maji ya chemchemi za moto pamoja na nitrojeni.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu moja tu ya eneo hilo inakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54. Hayo yalikuwa makadirio, si gesi iliyokwisha tolewa. Thamani yake haiko kwenye maputo ya sherehe. Heliamu hubaki gesi hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ndipo igeuke kimiminika, na hakuna kimiminika kingine kinachopoza vizuri hivyo sumaku za MRI, mashine za hospitalini zinazopiga picha za ndani ya mwili.

19. Watu wa Arusha wanasema maji yao yana fluorini, ndiyo meno yana rangi ya kahawia. Lakini fluorini si gesi ya sumu?

Gesi hiyo ni elementi yenyewe, na huwezi kuikuta kwenye kisima. Ni kali kiasi kwamba ingeungana na maji papo hapo. Kilichomo kwenye maji ni ioni yake, floridi, yenye protoni 9 na elektroni 10. Miamba ya volkano kuzunguka Meru na Kilimanjaro, na maeneo mengine ya Bonde la Ufa hadi Kenya na Ethiopia, ina madini ya floridi yanayoyeyuka majini.

Kidogo hulinda meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana miaka mingi, meno ya watoto yanayoota hupata madoa, na baadaye hata mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii, tena kunadhuru: maji hupungua, floridi inabaki. Kinachosaidia ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa, mbinu iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Kalsiamu na fosfati za mifupa huinasa floridi, kwa njia ile ile ambayo meno huinasa.

20. Wanajuaje kwamba fuvu la Olduvai lina umri wa miaka milioni 1.75?

Kwa kuhesabu isotopi. Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na kaboni-14 isingefaa kwa umri huo kwa sababu huisha ndani ya makumi ya maelfu ya miaka. Wanasayansi wa Berkeley, Marekani, walipima majivu ya volkano yaliyolifunika. Majivu hayo yana potasiamu, na atomi chache za potasiamu, kama moja kati ya 8,500, ni potasiamu-40 yenye mionzi. Sehemu yake hugeuka kuwa arigoni-40. Mlima unapolipuka, arigoni ya zamani hutoroka kwa kuwa ni gesi. Mwamba ukipoa, arigoni mpya hunaswa ndani. Pima kiasi kilichonaswa, linganisha na potasiamu iliyobaki, utapata umri. Jibu lilichapishwa mwaka 1961.

Potasiamu-40 ile ile imo kwenye ndizi na kwenye misuli yako. Ni kidogo, usiache kula ndizi.

## Maswali ya wadadisi

21. Arigoni ina uzani 39.95 na potasiamu 39.10. Mbona arigoni imetangulia?

Kwa sababu jedwali halipangwi kwa uzani tena. Mwaka 1913 Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, alipima mionzi ya eksirei ya elementi mbalimbali akakuta inapanda ngazi moja moja, kwa mpangilio wa chaji ya kiini. Tangu hapo namba atomia ndiyo inayotawala: arigoni 18, potasiamu 19. Iodini na teluri, zilizomsumbua Mendeleev kwa sababu hiyo hiyo, nazo zikatulia. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

22. Hidrojeni na heliamu zimewekwa mahali sahihi?

Heliamu ndiyo. Ina elektroni 2 na ungetarajia iwe kundi la 2, lakini mzingo wa kwanza hujaa kwa 2, kwa hiyo tabia yake ni ya arigoni na neoni. Hidrojeni ni ubishi wa kweli: ina elektroni moja kama sodiamu, inapungukiwa moja kama klorini, na si metali. Huwekwa kundi la 1 kwa desturi zaidi kuliko kwa hoja, na baadhi ya majedwali huiacha ielee peke yake juu.

23. Mzingo wa tatu unabeba 18. Kwa nini potasiamu ni 2, 8, 8, 1 na si 2, 8, 9?

Kwa sababu mizingo ina vyumba ndani yake, na vyumba vya mzingo mmoja havina nishati sawa. Chumba cha kwanza cha mzingo wa nne, kwa potasiamu na kalsiamu, kiko chini kidogo kuliko chumba cha mwisho cha mzingo wa tatu, hivyo kinajazwa kwanza. Kuanzia skandiamu, namba 21, elektroni hurudi kujaza kile kilichoachwa. Kina nafasi kumi, ndiyo maana kuna elementi kumi kutoka skandiamu hadi zinki katikati ya jedwali.

24. Ile mistari miwili iliyotengwa chini ni ya nini?

Ni sehemu ya kipindi cha 6 na cha 7. Imeshushwa ili ukurasa utoshe, hakuna sababu nyingine ya maana. Urani iko kwenye mstari wa chini.

25. Kama atomi ni ndogo kabisa, inapasuliwaje?

Kinachopasuka ni kiini, na matokeo yake ni elementi nyingine. Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipiga urani kwa neutroni wakashangaa kukuta bariamu. Lise Meitner na Otto Frisch ndio walioeleza: kiini kimegawanyika vipande viwili. Fanya hesabu ya protoni mwenyewe. Urani 92, bariamu 56, kinachobaki ni 36, nayo ni kriptoni. Njiani hutoka neutroni kadhaa zinazopasua viini vingine, na nishati nyingi mno.

Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji Wakongo ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Jina la mgodi huo lingestahili kuwa kwenye kila kitabu cha sekondari cha ukanda huu.

26. Zebaki ni 80 na dhahabu ni 79. Je, inawezekana kuigeuza? Na zebaki nyekundu?

Inawezekana, na imefanyika. Mwaka 1941 zebaki ilipigwa kwa neutroni ikatoa dhahabu yenye mionzi, isiyodumu. Mwaka 1980 huko Berkeley walipata dhahabu kutoka bismuthi, kiasi kidogo kisichoonekana, kwa gharama isiyolinganishika na thamani yake. Mchimbaji mdogo anayetumia zebaki hageuzi chochote: zebaki hukusanya tu vumbi la dhahabu lililokuwepo, na akiichoma, mvuke wake unaingia kwenye mapafu yake na ya walio karibu.

Zebaki nyekundu haimo kwenye jedwali. Upo unga mwekundu wa kampaundi ya zebaki na salfa, ambao hauna miujiza. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia bei za cherehani za zamani za Singer zilipanda ghafla kwa uvumi kwamba ndani yake kuna zebaki nyekundu. Hakukuwa na kitu. Anayekuuzia kwa ajili ya utajiri, majini au bomu ni tapeli.

27. Jedwali limekamilika?

Vipindi saba vimejaa tangu mwaka 2016, elementi 113, 115, 117 na 118 zilipopewa majina: nihoniamu, moskoviamu, tenesini na oganesoni. Ya mwisho imeitwa kwa heshima ya Yuri Oganessian, aliyekuwa hai wakati huo. Zimetengenezwa atomi chache tu za oganesoni, na kila moja ilioza kabla ya sekunde kwisha, kwa sababu iliyoelezwa swali la 7.

Namba 119 ingefungua kipindi cha nane, chini ya fransiamu, ikiwa na elektroni moja kwenye mzingo wa nje. Maabara zimejaribu, bila kupata atomi iliyothibitishwa. Na kuna wanaohesabu kwamba kwa viini vizito hivyo, elektroni huenda kasi kiasi kwamba oganesoni yenyewe huenda isifanane na arigoni na neoni zilizo juu yake.